Jinsi ya kuandika hadithi fupi za klabu ya wafumbua mafumbo

Mtindo wenyewe ni huu: watu kadhaa wamekaa mezani, mgeni anatoa fumbo lililomnyima usingizi, nao wanalichambua kwa maneno tu hadi mmoja analifumbua. Hakuna anayefukuzwa wala risasi inayolia. Kwa kuwa kila kitu kinapita mdomoni, mimi hutafuta fumbo ndani ya Kiswahili chenyewe. Nitatumia hadithi yangu moja kama mfano; niliiandika mara tatu kabla haijasimama.

Hatua ya 1: Anza na jibu

Usianze na maiti, anza na kitu kimoja kinachoweza kusomwa kwa njia mbili. Mimi nilianza na neno *barabara*. Ukilitia mkazo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukilitia kwenye ya pili, ni sawasawa, kikamilifu. Kwenye karatasi yanafanana kabisa. Hapo nikarudi nyuma nikajiuliza: ni nani angeumia kwa kusomwa vibaya?

Nikapata mlinzi wa ghala lililo kando ya njia yenye kizuizi. Aliandika kwenye daftari la zamu: "Saa 3 usiku. Nimefunga barabara." Usiku ule kizuizi kilikuwa wazi na malori yalipita hadi asubuhi. Akafukuzwa kwa uongo. Sasa ni marehemu, na mgeni wa klabu ni mwanawe.

Hatua ya 2: Uliza swali jembamba

"Nani aliiba?" ni swali pana mno kwa kurasa kumi. Mgeni wangu anauliza hivi: "Kwa nini mtu mwaminifu aandike uongo ambao dereva yeyote angeweza kuukanusha?" Swali la namna hiyo lina mlango mmoja tu wa kutokea.

Hatua ya 3: Mpe kila mwanachama namna yake ya kukosea

Wanne hadi sita wanatosha. Usihangaike na sura zao wala mavazi. Mwanasheria anashuku kila shahidi, mwalimu wa hesabu anataka ratiba, dereva mstaafu anaamini kila kosa linatokana na uchovu. Wangu wa nne ni mama aliyekuwa msomaji prufu, yaani mkagua makosa ya maandishi kabla hayajachapwa, mkimya, asiyeamini kitu mpaka akione kimeandikwa.

Usiogope mfumbuzi kuwa yuleyule kila mara. Mwandishi wa Marekani Isaac Asimov aliandika hadithi 66 za klabu moja, na mfumbuzi ni mhudumu wa meza. Msomaji anajua nani atashinda. Kinachomvuta ni njia.

Hatua ya 4: Panda kidokezo mapema, kwenye sentensi ya kitu kingine

Hapa ndipo nilipoanguka mara mbili. Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, katika kanuni zake 10 za kuandika hadithi hizo za mwaka 1929, alitaka mpelelezi asimfiche msomaji kidokezo chochote. Nikaikubali kwa kichwa na kuivunja kwa mkono: kwenye rasimu ya kwanza daftari lilifunguliwa ukurasa wa mwisho, na rafiki aliyenisomea akasema, "Umetudanganya." Kwenye ya pili nililiweka mwanzoni peke yake, likang'aa kama taa.

Ya tatu ndiyo iliyokubali. Mgeni anamsifu tu baba yake: "Mzee alipenda lugha. Hakurudia neno hata akiandika jambo lilelile kila siku." Msomaji anaichukua kama huzuni ya mtoto, anapita.

Hatua ya 5: Majibu matatu ya uongo

Labda alikosea tarehe. Labda mwingine alikiinua kizuizi. Labda aliandika mapema, kisha akalala. Kila moja life kwa jambo ambalo mgeni ameshalisema, si kwa taarifa mpya unayoichomoa mfukoni. Yapitishe haraka.

Hatua ya 6: Fumbua kwa tendo, kisha nyamaza

> "Mwanangu, usitusomee tena," akasema yule mama. "Nipe daftari nisome mwenyewe."
> Akafunua kurasa taratibu. "Jumatatu, *nimefunga vizuri*. Jumanne, *nimefunga sawasawa*. Jumatano, *nimefunga vilivyo*. Kizuizi hakukitaja hata siku moja. Alhamisi je?"
> Mgeni akafungua mdomo, akaufumba.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na nusu ukurasa wa maelezo baada ya hapo, mkazo na silabi na kila kitu. Nikaufuta wote, nikabakiza sentensi mbili za mwanasheria, maana kuna msomaji atakayehitaji kusukumwa kidogo.

Hatua ya 7: Panga mkusanyiko

Hadithi ya maneno isifuatane na nyingine ya maneno, kwa sababu msomaji ameshanoa jicho. Baada yake weka ya hesabu, au ya mahali, au ya mazoea ya mtu. Mauaji yasizidi moja au mawili. Na mahali fulani katikati, klabu ishindwe, au mgeni awe ndiye anayedanganya.

Kisha soma kila hadithi kwa sauti mbele ya mtu. Hii ya mlinzi ndiyo pekee inayonishinda: nikifika kwenye neno lile lazima nitie mkazo mahali, na hapo nimeshadanganya au nimetoa jibu. Huwa namkabidhi karatasi asome mwenyewe.