Kinga ya shingo kwa dereva wa mbio za kujifurahisha: anza na mkanda

Kabla hujatuma pesa kwa muuzaji yeyote, fungua mlango wa gari lako uangalie mkanda. Huo ndio utakaokwambia ununue kifaa gani cha shingo, au kama pesa zako zina kazi nyingine kwanza. Mimi huwafungia watu viti na mikanda ya mbio hapa Malindi. Wengi ni vijana wa autocross, yaani mbio fupi za kushindana na saa, wanaopanda na magari yao hadi Jamhuri kule Nairobi, na wachache ni watu wenye gari la kawaida wanaotaka tu kulikimbiza mahali pasipo na matatu wala bodaboda. Karibu wote huanza kwa kuniuliza bei ya HANS, kile kifaa cha kuzuia kichwa na shingo, na mimi huanza kwa kuinama chini ya kiti.

Sababu utaielewa ukijua kinachovunjika. Mkanda wa mbio ukikazwa vizuri, kiwiliwili hakiendi popote. Kichwa hakijafungwa na kitu. Gari likipiga ukuta wa udongo na kusimama ghafla, kichwa na helmeti, jumla ya kilo 6 hivi, vinaendelea na safari, na shingo ndiyo inayovizuia. Kwenye mgongano wa g 50, yaani nguvu mara 50 ya uzito wa kawaida, zile kilo 6 huvuta kama kilo 300. Panapokatika ni kitako cha fuvu, pale uti wa mgongo unapokutana na kichwa, na mishipa mikubwa ya damu inapita hapohapo.

Patrick Jacquemart alikufa kwa jeraha la namna hiyo mwaka 1981 katika uwanja wa Mid-Ohio, Marekani. Rafiki yake Jim Downing, naye dereva, akalipeleka jambo hilo kwa shemeji yake, Robert Hubbard, profesa aliyekuwa akichunguza jinsi mwili wa binadamu unavyoumia kwenye ajali, na wao wawili wakaunda HANS. Madereva waliidharau kwa miaka mingi, wakisema inabana na inaudhi. Dale Earnhardt, dereva maarufu wa Marekani, alipokufa katika uwanja wa Daytona tarehe 18 Februari 2001, fuvu likiwa limevunjika kitako, NASCAR, waendeshaji wa mbio hizo, ililazimisha vifaa hivi kabla ya mwaka kwisha. Formula 1 ikafuata mwaka 2003.

HANS yenyewe ni rahisi kuielewa. Ina miguu miwili inayolala kifuani na mabegani, na ukosi mgumu nyuma ya shingo. Kutoka kwenye ukosi huo hutoka kamba fupi zinazoshika helmeti pande mbili. Mikanda ya mabegani hupita juu ya ile miguu. Gari likigonga, kamba huzuia helmeti, ukosi huvutwa mbele, na mkanda unabeba mzigo badala ya shingo. Ondoa mkanda hapo katikati na ulichobaki nacho ni plastiki shingoni.

Hatua ya 1: Jua mkanda ulio nao

Hesabu ncha, yaani sehemu ambazo mkanda umefungwa kwenye bodi ya gari.

Ncha 3 ndio mkanda wa kawaida uliokuja na gari, unaopita bega moja tu. HANS haifanyi kazi hapa, kwa sababu inahitaji mikanda miwili ya mabegani ya kuishika chini. Ukipenda kubaki na mkanda huu, iko Simpson Hybrid S, kifaa kingine cha shingo, ambayo ina mikanda yake yenyewe inayozunguka kifua chako, kwa hiyo haitegemei mkanda wa gari kuishikilia. Ina cheti cha SFI 38.1, cha shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mbio. Ila waulize waandaaji wa mbio zako kwanza, maana wengine hudai cheti cha FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari.

Ncha 4 ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Inaonekana ya kimbio, bei yake nzuri, na inafungika mchana mmoja. Ukiikaza mabegani, mkanda wa nyonga unapanda kutoka kwenye mifupa hadi tumboni, na ukigonga, mwili unateleza chini yake. Mimi simfungii mtu HANS juu ya mkanda wa namna hii.

Ncha 6 ndiyo unayoitaka: miwili mabegani, miwili nyongani, miwili ya kupita katikati ya mapaja, ambayo kazi yake ni kuushika mkanda wa nyonga ubaki chini. Mikanda ya mabegani ielekee nyuma ikiwa sambamba na ardhi au ishuke kidogo, isizidi nyuzi 20. Nimeona magari ambayo mikanda hiyo imefungwa sakafuni nyuma ya kiti, inashuka karibu wima. Ukigonga, mkanda wa hivyo unakukandamiza uti wa mgongo kabla hata ya habari ya shingo kuanza.

Ukiweka mkanda wa ncha 6 unahitaji pia kiti chenye matundu ya kuupitisha na keji ya chuma ya kuzuia paa. Mkanda huo unakushika wima. Gari likipinduka na paa likabonyea, huwezi kuinama. Gari la kwenda nalo sokoni siku za kazi libaki na kiti chake, mkanda wake na mifuko yake ya hewa. Nusu nusu ndiyo mbaya.

Jambo moja kuhusu upana. Ipo mikanda ya mabegani ya inchi 3 na ipo ya inchi 2. Ile ya inchi 2 imekusudiwa kukaa kwenye mfereji wa HANS tu. Bila HANS, upana huo ni mdogo mno kwa kifua chako.

Hatua ya 2: Helmeti

Helmeti ya pikipiki haifai, hata iwe mpya na ghali. Haikupimwa kwa moto, na haina matundu ya kushikia kamba. Tafuta ya magari yenye stika ya Snell, shirika linalopima helmeti, inayoanza na SA: SA2015, SA2020 au SA2025. Hizi huja na matundu ya skrubu za M6 (milimita 6) tayari pande zote mbili, unakaza vishikizo vya kamba na kazi imekwisha. Stika iko ndani, nyuma ya kitambaa, kifunue uione kwa macho yako. Ikiwa helmeti haina matundu hayo, usiniletee nikutobolee. Hapana. Ganda likitobolewa gereji limeharibika, na hakuna mkaguzi atakayelipitisha.

Hatua ya 3: Kisha ndipo uchague kifaa

Kwanza niseme habari ya zile kola za sponji. Kijana mmoja wa Kisumu Ndogo aliniletea moja, nyeusi, ina maandishi mazuri, akauliza, "Mzee, hii si ndiyo HANS ya bei nafuu?" Niliibonyeza kwa vidole viwili mpaka vikakutana. Nikamwambia, "Hii, mwanangu, ivae kwenye basi la usiku la Nairobi." Tulicheka, lakini yeye alikuwa amejiandaa kuingia nayo uwanjani wiki ileile. Sponji hupunguza uchovu wa kubeba helmeti, wala haizuii kichwa kwenda mbele. Mahali pake ni kwenye go-kati, ambako hakuna mkanda kabisa na HANS haina cha kushika. Vilevile kola ngumu za motokrosi zimetengenezwa kwa mtu anayerushwa kutoka kwenye pikipiki, kwa hiyo ziache huko.

Kifaa cha gari utakitambua kwa cheti: FIA 8858, chenye stika yake ya rangi ya fedha inayometameta, au SFI 38.1, yenye tarehe. Hakuna stika, hakuna biashara. Orodha za vifaa vilivyoidhinishwa na FIA ziko kwenye tovuti yake bure, kwa hiyo muuzaji akikupa jina usilolijua, lipekue mwenyewe.

Halafu inakuja habari ya kaboni. Wauzaji watakuonyesha kifaa chepesi cha kaboni, na kingine kizito kidogo cha faibaglasi au plastiki ngumu kwa bei ya chini sana. Vyote viwili vikiwa na cheti kilekile, vimepita mtihani uleule. Dereva anayekaa kwenye gari saa nzima atashukuru wepesi. Wewe unayekimbia dakika chache za autocross, chukua cha bei ya chini, chenji itie kwenye mkanda.

Hatua ya 4: Saizi na pembe

Pima mzingo wa shingo kwa utepe wa fundi cherehani, kisha soma jedwali la mtengenezaji. Watu wazima wengi huangukia saizi ya kati.

Pembe ndiyo inayosahaulika. HANS huuzwa kwa nyuzi 10, 20, 30 na hata 40, kulingana na jinsi kiti kilivyolala. Magari ya kawaida yaliyogeuzwa kuwa ya mbio, ambayo ndiyo karibu yote ninayoyashika, huchukua nyuzi 20. Zile za 30 na 40 ni za magari ya kiti kimoja ambamo dereva amelala chali. Usipime ukiwa umesimama dukani. Kaa kwenye kiti chako, mgongo umegusa nyuma, helmeti kichwani. Miguu ya kifaa ilale kifuani bila kuacha mwanya, na ukosi usisukumwe na kiti kutoka nyuma. Ukiona kidevu kinalazimishwa kushuka, pembe si yako.

Hatua ya 5: Kufunga na kujaribu

Utaratibu ni huu. Vaa kifaa, kisha helmeti, unganisha kamba, kaa. Kaza mkanda wa nyonga kwanza, chini kabisa juu ya mifupa, halafu ya mapaja, mwisho ya mabegani. Hakikisha mikanda ya mabegani imekaa juu ya miguu ya HANS kwa urefu wake wote, haijateleza pembeni hata kidogo. Muombe mwenzako akuangalie kutoka nyuma, maana wewe mwenyewe huwezi kuona.

Sasa geuza kichwa kushoto na kulia. Unapaswa kuiona nguzo ya mlango na kioo cha pembeni. Kamba zikikubana mno, zipo za kuteleza, ambazo hukuruhusu kugeuka zaidi bila kulegea kwa mbele. Kwa autocross, ambako unatazama kona iliyo karibu na bega lako, ninazipendelea hizo.

Kisha jaribu kutoka. Ukiwa na glavu, macho yamefumba, fungua bakli na utoke, kwanza mlangoni, halafu dirishani. Ukosi wa HANS hupenda kunasa kwenye keji juu ya dirisha, na ni afadhali ulijue hilo gari likiwa limezimwa chini ya mwembe. Wengi hapa hugundua kwamba wamezoea kuvua helmeti kwanza. Usivue. Fungua mkanda tu na utoke na vyote.

Hatua ya 6: Mtumba na chumvi

Malindi ina Waitaliano wengi, na Mwitaliano akiuza nyumba arudi kwao, huacha vitu ambavyo hutavipata dukani hapa: helmeti, viti vya Sparco, mikanda ya Sabelt. Kiti nitakinunua. Mkanda nitaangalia lebo kwanza: ya FIA huonyesha mwaka wa mwisho wa kutumika, ya SFI 16.1 ni miaka 2 tangu kutengenezwa. HANS ya mtumba inaweza kufaa ikiwa haijapata ajali, ganda halina ufa, na utabadilisha kamba. Yenye SFI inatakiwa irudishwe kukaguliwa kila miaka 5. Helmeti ya mtu mwingine siinunui, hata iwe bei ya kutupa, kwa sababu ganda halisemi liliwahi kuanguka wapi.

Hewa ya bahari inakula vyuma na jua linakula nyuzi. Usiache kifaa kwenye dashibodi wala mikanda ikianikwa juani. Baada ya siku ya mbio, jasho lifute kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kausha kivulini, kisha weka ndani ya mfuko, ndani ya nyumba. Petroli, tina na jiki zisikaribie kamba. Bakli ikianza kugoma, itoe vumbi kwa brashi na hewa ya kompresa, usiipake grisi, maana mchanga utanata humo.

Kila kabla ya kupakia gari kwa safari ya Nairobi, pitisha kucha kwenye kamba za HANS. Nyuzi zikiwa na manyoya, au rangi imepauka upande mmoja kuliko mwingine, badilisha. Kutu kwenye vishikizo vya helmeti, badilisha. Baada ya kugonga kitu kwa nguvu, badilisha kamba hata kama zinaonekana mpya. Huuzwa peke yake bila kununua kifaa kizima. Ukiagiza, taja modeli ya kifaa na umpigie muuzaji picha ya kishikizo kilicho kwenye helmeti yako, kwa sababu aina zake hazilingani.