Namna ya Kuitambua Aina ya Serikali na Kuichambua Hotuba ya Kisiasa

Wengi wetu huipima hotuba ya mwanasiasa kwa utamu wa maneno yake, kana kwamba maneno hayo yametamkwa pasipo na nchi wala katiba. Mwongozo huu unapendekeza njia ndefu kidogo. Kabla ya kuichambua hotuba, jua kwanza msemaji anaongoza, au anataka kuongoza, katika serikali ya aina gani, kwa sababu aina ya serikali ndiyo inayoamua anahitaji nini kutoka kwako, na hitaji hilo ndilo linalomchagulia mbinu. Anayehitaji kura yako atakubembeleza au atakutisha, lakini asiyeihitaji hutaka ukimya wako, au makofi yako.

Katika kuitambua serikali, usianze na jina lake rasmi. Korea Kaskazini hujiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea, na Ujerumani Mashariki, iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1990, nayo ilijiita jamhuri ya kidemokrasia, ilhali Uswidi, Norwei na Denmark ni falme ambazo wananchi wake hubadilisha serikali kwa kura bila wasiwasi wowote. Aristotle alizipanga serikali kwa kuuliza kama anayetawala ni mtu mmoja, wachache au wengi, kisha akauliza wanatawala kwa faida ya nani. Swali lake la pili bado lina uzito, lakini kwa msomaji wa leo liko moja linalofichua mengi kwa haraka zaidi, nalo ni hili: nani anaweza kumwondoa mtawala bila kumwaga damu, na kwa utaratibu gani?

Nchini Marekani, ambako katiba iliandikwa mwaka 1787, rais huchaguliwa kwa muhula wa miaka minne, na Kongresi haiwezi kumfukuza kwa sababu tu haipendi sera zake. Ni lazima Baraza la Wawakilishi limshtaki, kisha theluthi mbili ya Seneti imtie hatiani. Huo ndio mfumo wa rais. Katika mfumo wa bunge, kama wa Uingereza, waziri mkuu hukaa madarakani maadamu wabunge wana imani naye. Ujerumani imeongeza sharti lake: wabunge hawawezi kumwondoa kansela kwa kura ya kutokuwa na imani bila kumchagua mrithi wake papo hapo, na ndivyo Helmut Kohl alivyomrithi Helmut Schmidt Oktoba 1982 bila uchaguzi mkuu. Ufaransa tangu 1958 imechanganya mfumo wa rais na ule wa bunge. Jihadhari na vyeo, maana Afrika Kusini ina rais anayechaguliwa na Bunge la Taifa, na Bunge hilohilo linaweza kumwondoa, kwa hiyo mfumo wake unakaribia zaidi ule wa bunge kuliko cheo hicho kinavyoashiria.

Pale ambapo wananchi hawana njia ya kumwondoa mtawala, orodha ya wanaoweza kumwondoa huwa fupi. Saudia na Eswatini zina wafalme wenye neno la mwisho, na China imeongozwa na Chama cha Kikomunisti tangu 1949. Iran inahitaji jicho la karibu zaidi. Uchaguzi wa rais upo na wagombea hushindana kweli, lakini Baraza la Walinzi lenye wajumbe 12 huwachuja kabla, na juu ya wote yuko Kiongozi Mkuu, ambaye ni mwanachuoni wa dini. Katika nchi ya namna hii, kuuliza nani ameshinda hakutoshi, uliza pia nani alizuiwa kugombea. Kumbuka vilevile kwamba aina ya serikali hubadilika. Tanzania ilikuwa ya chama kimoja kisheria kuanzia 1965 hadi 1992, na Kenya kuanzia 1982 hadi 1991, kwa hiyo hotuba ya zamani isomwe kwa mfumo wa wakati wake.

Ukishajua hayo, igeukie hotuba yenyewe. Mwaka 1937 ilianzishwa New York taasisi ya kuchambua propaganda, nayo ikaorodhesha mbinu saba ambazo hadi leo hakuna kampeni isiyozitumia. Kuna kumpaka mpinzani matope kwa kumbandika jina baya, na kuna maneno matamu yasiyopimika kama vile heshima, maendeleo na mabadiliko. Kuna kuazima heshima ya bendera, dini au mwasisi wa taifa, na kuna kumleta mtu maarufu atoe ushuhuda. Mgombea naye hujifanya mtu wa kawaida, ambapo bilionea huvua tai, hukunja mikono ya shati na kula chakula cha barabarani mbele ya kamera. Ipo mbinu ya mkumbo, inayokuambia kwamba wenzako wote wameshaamua umebaki wewe tu, na ya mwisho ni kuonyesha upande mmoja wa ukweli. Hii ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, kwa kuwa hutumia takwimu na picha, vitu ambavyo msomaji makini huviamini.

Chukua basi jekundu la kampeni ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Ubavuni liliandikwa kwamba nchi hiyo huupelekea Umoja huo pauni milioni 350 kwa wiki, na kwamba ingefaa fedha hizo zigharimie huduma ya taifa ya afya. Takwimu hiyo ilikuwa ya mchango kabla ya kutolewa punguzo ambalo Uingereza ilipewa, na haikuhesabu fedha zilizorudi kwa wakulima na mikoa. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema wazi kwamba inapotosha. Unapokutana na tarakimu kubwa, basi, uliza ni kabla au baada ya makato, ni ya muda gani, na inalinganishwa na nini.

Picha nayo huhojiwa vivyo hivyo. Mwaka 1978 chama cha Conservative cha Uingereza kilitoa bango lenye foleni ndefu ya watu wasio na kazi. Waliosimama humo walikuwa vijana wa chama wa kujitolea, na kwa kuwa walijitokeza wachache kuliko waliotakiwa, walipigwa picha mara kadhaa ili foleni irefuke. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli, kwani wasio na kazi walikuwa zaidi ya milioni moja, ila picha haikuwa ushahidi wake.

Hofu haimo katika zile saba, lakini nisingeiacha. Septemba 1964, kampeni ya Lyndon Johnson, rais wa Marekani, ilirusha tangazo la televisheni lisilofika hata dakika moja na nusu. Mtoto wa kike anachuma petali za ua huku akihesabu na kukosea. Sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, kamera inalisogelea jicho la mtoto, kisha bomu la nyuklia linalipuka. Mpinzani, Barry Goldwater, hatajwi popote, maana haikuwa lazima, watazamaji walikuwa wameshasikia kauli zake kuhusu silaha hizo. Tangazo lililipiwa mara moja tu, na vipindi vya habari vikaendelea kulirudia bure. Ukihisi woga baada ya kusikiliza, andika sentensi iliyokutia woga huo, kisha tafuta ndani yake dai linaloweza kuthibitishwa. Mara nyingi hulioni.

Katika serikali isiyohitaji kura yako, vipimo hivi havitoshi, kwa sababu propaganda yake haina haja ya kuaminika. Oktoba 2002, Iraq ilitangaza kwamba Saddam Hussein amepata asilimia 100 katika kura ya maoni. Hakuna aliyetarajiwa kusadiki. Takwimu kama hiyo humwambia raia mwenye shaka kwamba yuko peke yake, na kwamba hata mwenye shaka mwenzake amenyamaza. Vivyo hivyo picha za kiongozi katika kila ofisi, magwaride na adui wa nje asiyeisha. Hapo usihangaike kuuliza kama ni kweli, uliza jambo hilo linamzuia nani kusema nini.

Hatua ya mwisho huunganisha kazi zote mbili. Futa katika hotuba vivumishi, majina ya kubandika na mashairi ya sifa, ubaki na ahadi iliyoandikwa kwa sentensi moja: nani atafanya nini, lini, kwa fedha zipi. Kisha fungua katiba uone kama cheo anachokiomba kina mamlaka hayo. Mgombea urais wa Marekani anayeahidi kupunguza kodi anaahidi jambo lililo mikononi mwa Kongresi, na miswada ya mapato ni lazima ianzie katika Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo anatakiwa aeleze wabunge gani watamuunga mkono. Mgombea ubunge anayeahidi kujenga barabara naye aulizwe ni fungu gani la bajeti analolisimamia mbunge. Anza zoezi hili na mgombea unayemuunga mkono, kwa kuwa matope ya mpinzani wako utayaona bila kusaidiwa.