Ukihisi unazama, usirushe mikono juu
Maji hukubeba kwa kadiri ya sehemu ya mwili iliyomo ndani yake. Mkono ukitoka nje, maji hayaubebi tena. Uzito wake wote unakushindilia kichwa chini. Kwa hiyo lala chali, masikio yaingie majini (haipendezi, vumilia), tandaza mikono chini ya uso wa maji, kisha vuta pumzi ujaze kifua. Mapafu yakijaa, watu wengi huwa wepesi kidogo kuliko maji. Wakiitoa pumzi yote, huanza kushuka. Basi toa upesi, vuta tena. Miguu ikining'inia, iache. Baharini ni rahisi zaidi: lita 1 ya maji ya chumvi ina takriban gramu 1,025, ya mtoni 1,000 hivi.