Kuitambua stempu ya China usiyoijua: anza na maandishi, picha baadaye

Tangu nistaafu kazi ya dirishani posta, hapa nyumbani Lindi hupokea vijana wenye bahasha za babu zao. Wengi wa wazee hao walikuwa wasikilizaji wa Radio Peking ya China, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Waliandika barua, wakajibiwa, na bahasha zikabaki kwenye masanduku Nachingwea, Ruangwa na Mtama. Mjukuu akizikuta hufungua katalogi na kutafuta picha: ua, mfanyakazi, treni. Baada ya saa nzima anakata tamaa, na namwonea huruma, maana maua kwenye stempu za China ni mengi mno. Kinachokufikisha haraka ni maandishi. Huhitaji kujua Kichina, unahitaji alama chache tu uzitambue kwa macho.

Swali la kwanza ni hili: stempu ni ya posta au ya ushuru? Tafuta alama 郵, ambayo siku hizi huandikwa 邮. Hiyo ni posta. Ukiona 印花 pamoja na 稅 (au 税), umeshika stempu ya ushuru, ile inayobandikwa kwenye risiti na mikataba. Tazama pia ilivyofutwa. Ya posta kwa kawaida ina muhuri wa duara wenye tarehe. Ya ushuru mara nyingi ina mstari wa kalamu au mhuri wa duka. Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kuitafuta stempu ya ushuru katika katalogi za kawaida. Scott ya Marekani, Stanley Gibbons ya Uingereza na Michel ya Ujerumani zimejengwa juu ya stempu za posta. Za ushuru zina katalogi zake.

Kuna jambo moja linalochanganya hapo. China iliwahi kuchukua stempu za ushuru na kuzigonga chapa ya juu ili zitumike posta. Mwaka 1897 ilifanya hivyo kwa stempu nyekundu za ushuru za senti 3, na mwaka 1949, fedha ilipoporomoka, ikafanya tena. Kwa hiyo ukiona stempu ya ushuru chini na 郵 imegongwa juu yake, fuata chapa ya juu: hizo zimo katika katalogi za posta, kwenye miaka hiyo. Zile za 1897 zimeghushiwa sana, hivyo usimwahidi mtu bei kabla mjuzi hajaishika mkononi.

Ukishajua ni ya posta, uliza ni ya utawala gani. Kwenye stempu za zamani soma kutoka kulia kwenda kushoto. 大清 ni Dola ya Qing, iliyotoa stempu zake za kwanza, zenye joka, mwaka 1878. 中華民國 ni Jamhuri, kuanzia 1912, na Taiwan imeendelea kuandika hivyo baada ya 1949. 中國人民郵政 ni Jamhuri ya Watu, iliyoanza 1949, hadi 1991. Kuanzia 1992 utakuta 中国邮政 na neno CHINA. 滿洲 ni Manchukuo, dola iliyoundwa na Wajapani kaskazini-mashariki mwa China, 1932 hadi 1945, ambayo katalogi huiweka peke yake. Katika Scott, Taiwan imo ndani ya sehemu ya China na Jamhuri ya Watu inafuata baadaye, kwa hiyo usiishie ukurasa wa katikati ukadhani stempu yako haimo.

Tarehe za Jamhuri huhesabiwa kuanzia 1912, basi ongeza 1911: mwaka wa 38 ni 1949.

Bahasha za wazee wetu karibu zote ni za Jamhuri ya Watu, na hapo kazi ni nyepesi na ya kupendeza. Chukua lenzi, tazama ukingo wa chini. Kuna 紀 kwa stempu za kumbukumbu au 特 kwa stempu maalumu, kisha namba ya seti, idadi ya stempu na nafasi ya hiyo yako. 特56 yenye 20-7 ni ya saba kati ya 20 za vipepeo za mwaka 1963. Kuanzia 1974 hadi 1991 herufi ni J na T. Yule nyani wa 1980 kwenye rangi nyekundu ni T.46. Andika namba hiyo pamoja na thamani kwenye Colnect, katalogi ya mtandaoni, na simu yako itakuonyesha picha.

Zisizo na namba hizo, tumia thamani. Tarehe 1 Machi 1955 yuan 10,000 za zamani, fedha ya China, zilifanywa yuan 1 mpya. Kabla yake utaona 400 au 800. Baada yake 4 au 8 yenye 分, yaani fen, senti ya yuan. Ukikuta 東北貼用, ni za Kaskazini-Mashariki, ambako fedha ilikuwa tofauti, na orodha yake ni nyingine.

Nitakuambia ukweli kuhusu stempu zenye sura ya Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri: zinataka subira. Zilianza 1931 na zikachapwa upya mara nyingi. Tazama jua lililo juu ya kichwa: lina duara mbili au moja? Kisha hesabu matundu ya ukingoni ndani ya sentimita 2. Katalogi hutofautisha matoleo kwa vitu vidogo kama hivyo, na huchora michoro iliyokuzwa. Linganisha na mchoro huo, rangi iwe ya mwisho, maana jua na unyevu wa pwani yetu hubadilisha rangi.

Stempu ya Jamhuri ya Watu isiyo na gundi nyuma usiitupe wala kuiita mbovu. Nyingi zilitolewa bila gundi.

Ukishapata, andika kwenye kikadi kwa penseli jina la katalogi kisha namba, kwa sababu namba za Scott na Michel kwa stempu moja hazifanani. Na usiikate bahasha. Muhuri na anwani humpa anayejua tarehe na safari ya barua. Stempu ya ushuru nayo iache kwenye risiti yake: tarehe iliyoandikwa pale huenda ndiyo njia pekee ya kujua ilitumika lini.