SOMO: Kupunguza jita kwenye PLL, filta ndo mchawi (mfano ADF4351)

Wakuu salama? Naandika hili mara moja tu, maana kila nikifungua inboksi nakuta swali lilelile, "PLL yangu imeloki lakini output inatetemeka, niweke kapasita ya ngapi". Kuanzia leo nawatumia hapa. PLL ni lupu inayoifunga osileta kwenye kristali, na jita ni huko kutetemeka kwa output. Mfano wangu ni chipu ya ADF4351, yenye PLL na osileta ndani, kwa kuwa wengi ndo mnayo, kristali ya 25 MHz, output 2500 MHz.

1. Kusanya namba zako. PFD (sehemu inayolinganisha fezi) 25 MHz, N (kigawanyo, yaani 2500 kwa 25) 100, chaji pampu (inayosukuma mkondo kwenye filta) tuseme 2.5 mA, VCO (osileta inayoendeshwa na voltiji) inasogea kama 40 MHz kwa kila volti moja. Ya VCO iko kwenye datashiti.

2. Chagua bandiwidhi ya lupu, yaani hadi frikwensi gani lupu inaweza kurekebisha. Hapa tulia usome. Kelele ziko za aina mbili na zinavutana. Kelele ya kristali na PFD inapita kwenye lupu na kukuzwa na N, yaani 20 log N, kwa N ya 100 hiyo ni dB 40 nzima. Kelele ya VCO nayo lupu inaibana, ila ndani ya bandiwidhi tu, nje ya hapo VCO inafanya inavyotaka. Kwa hiyo ukipanua bandiwidhi kupita kiasi unakaribisha uchafu wa PFD, ukiibana kupita kiasi unaifungulia VCO, na jita inakuwa ndogo kabisa karibu na pale grafu za kelele hizi mbili zinapokatana. Zichore zote kwenye karatasi moja uone kwa macho yako. Bodi nyingi zinazoletwa kwangu ugonjwa wake ni huu, mtu kasikia neno filta akadhani ni kama ya pawa saplai, kadiri kapasita inavyokuwa kubwa ndivyo inavyosafisha. SIYO, narudia, SIYO.
ONYO: bandiwidhi isizidi moja ya kumi ya frikwensi ya PFD, lupu itayumba.
ONYO: ukibadili mkondo wa chaji pampu au N kwenye programu bila kugusa filta, bandiwidhi imeshahama na hesabu zako hazina kazi tena.

3. Fezi margini (akiba inayozuia lupu isiyumbe) weka digrii 50 hivi. Ikishuka chini ya 45 grafu inaota nundu pale bandiwidhi inapoishia, na hiyo nundu yote ni jita.

4. Piga hesabu. Tuseme umeamua 50 kHz na digrii 50, kwa namba za hapo juu inakuja C1 karibu 3.7 nF kwenda graundi, pembeni yake R2 ohm 360 ikifuatana na C2 ya 24 nF, nayo kwenda graundi. Programu ya ADIsimPLL ya Analog Devices inakufanyia hesabu hizi, ila piga kwanza kwa mkono ujue namba zinatoka wapi.

5. Kapasita ziwe seramiki za aina ya C0G (wengine huandika NP0) au za filamu. Seramiki za aina ya X7R usiweke hapa, zile zikitikiswa zinatoa voltiji, na voltiji yoyote kwenye mguu wa VCO inageuka kuwa frikwensi. Chukua kalamu, gonga bodi taratibu huku unaangalia spektra (grafu ya nguvu kwa kila frikwensi), ikiwa ni X7R utaona mstari unaruka kila ukigonga.

6. Filta ikae karibu kabisa na mguu wa VCO, graundi fupi.

7. Umeme wa VCO upite kwenye LDO (regyuleta ya voltiji) yenye kelele ndogo. Filta ya lupu haisafishi uchafu wa pawa.

Karibuni maswali.

Swali: Mkuu mimi nimeweka 10 µF ili jita iishe kabisa, sasa inachelewa kuloki na bado inatetemeka. Tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 2, kapasita kubwa hivyo imeibana bandiwidhi kupita kiasi.

Swali: Naomba values za filta kwa chipu yangu, fasta tafadhali nina haraka.

Jibu: Chipu gani? N ngapi? PFD ngapi? Haraka yako haiwezi kunifanya nikisie, lete namba za hatua ya 1 ndo tuongee.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye transmita ya FM, nilipopanua bandiwidhi ya lupu besi ikapotea kabisa kwenye muziki. Inahusiana na hili?

Jibu: Marahaba, hili swali zuri sana. Kwenye eksaita ya FM (sehemu inayotengeneza mawimbi ya kurusha) muziki unaingia kwenye VCO, sasa lupu inauona kama kosa la frikwensi na inaurekebisha, na sauti zilizo chini ya bandiwidhi ndo inaziwahi, ndo hiyo besi yako. Kule bandiwidhi lazima iwe hezi chache tu, chini ya sauti nzito kuliko zote. Gharama yake ni mbili: inachelewa kuloki, ndo maana wengine wanatumia filta ya spidi mbili, pana hadi iloki kisha nyembamba, na pia lupu haikusaidii tena na kelele za VCO, kwa hiyo osileta yenyewe iwe imara, koili isicheze, boksi la chuma limefunikwa vizuri.

Swali: Sina spektra analaiza, RTL-SDR (kile kipokezi cha redio cha USB) itafaa?

Jibu: Kwa kuona nundu na mistari ya ajabu inafaa, ila nayo ina kelele zake. Ile yenye chipu ya tyuna R820T haifiki 2500, tumia divaida ya ndani ya chipu, gawa kwa 4 upate 625 MHz.

Swali: Kumbe nikigawa kwa 4 naona kelele zimeshuka, si bora niache hivyohivyo jita imepungua?

Jibu: Kelele ya fezi inashuka dB 12, kweli, lakini na mzunguko mmoja umekuwa mrefu mara nne, kwa hiyo jita kwa sekunde iko palepale. Digrii 0.5 kwenye 2500 MHz ni kama pikosekunde 0.56, na digrii 0.125 kwenye 625 MHz ni hizohizo. Weka picha ya spektra yako hapa, na ya bodi pande zote mbili, tuangalie filta yako imekaa wapi.