Mbolea ya Kukuzia na Usalama wa Maji ya Kunywa

Naitrojeni, kirutubisho kilichomo katika mbolea ya kukuzia kama urea, ambayo mahindi hayakuifyonza haikai shambani ikisubiri msimu ujao. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa nitrati, na kwa kuwa udongo hauishikilii nitrati, mvua huishusha hadi kwenye visima na mito ambako miji huteka maji yake. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Zikigeuka zote kuwa nitrati, zinatosha kufikisha lita milioni 2 za maji safi kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 50 kwa lita.

Jiji la Des Moines, jimboni Iowa nchini Marekani, hutegemea mito inayopokea maji ya mashamba ya mahindi na soya. Huko ulijengwa mtambo wa kuondoa nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado Juni 2025 wakazi walikatazwa kumwagilia nyasi za nyumbani kwa sababu usafishaji ulikuwa umeelemewa.

Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yenye nitrati nyingi. Nitrati hugeuka nitriti mwilini na kuipunguzia damu uwezo wa kubeba oksijeni. Midomo, ufizi na kucha huwa za buluu au kijivu, naye mtoto hutweta na kulegea. Apelekwe hospitali mara moja. Kuchemsha maji, ambako kwa hakika huua vimelea, hapa huongeza hatari, maana maji yakipungua kwa mvuke nitrati huzidi kukolea. Klorini nayo haiiondoi.

Ndiyo maana kinga ya kweli iko shambani. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili, mahindi yakifika magotini na tena kabla ya mbelewele kutoka. Pima kila shina kwa kifuniko cha soda badala ya kurusha kwa kiganja, weka kando kidogo ya shina, fukia, na ahirisha ikiwa mvua kubwa inakaribia. Aliyetandaza samadi ya kutosha apunguze urea, kwani samadi pia ina naitrojeni, jambo ambalo wengi wetu hulisahau.

Zizi, rundo la samadi na choo vikae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Nitrati haina rangi wala harufu. Familia inayotumia kisima na inayotarajia mtoto ipeleke sampuli ya maji maabara kabla hajazaliwa, na ipime tena baada ya masika.