Asumini haitaki kunyolewa ncha, inataka kukatwa

Kichaka kimemzidi mtu kimo, majani yameshonana, na bado asubuhi unarudi na konzi moja tu ya matumba. Wengi hukimbilia urea. Hapo shida si mbolea, ni mkasi: mmenyoa ncha sentimita 10 na kuita hiyo kupogoa.

Asumini hubeba maua kwenye ncha za matawi machanga. Tawi lililokomaa kazi yake ni kutoa hayo machanga. Ukinyoa juu juu, unapata vijiti vyembamba vingi huko juu, giza ndani, na matumba madogo yasiyofaa hata kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia. Wakulima wa Madurai, kusini mwa India, hulikata shamba zima kila mwaka hadi sentimita 50 kutoka ardhini. Sentimita 50, si kiunoni! Kata fimbo ya urefu huo, isimamishe kando ya shina, usikisie.

Kwa mwambao wetu, kata kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, ili machipukizi yakute vuli na matumba yakute joto la kaskazi. Anayekata Desemba, bei ikishapanda, anatupa matumba yake mwenyewe.

Wiki moja kabla, acha kumwagilia. Tumia mkasi wa kupogolea uliofutwa kwa spiriti, na uufute tena kila unapohamia shina jingine. Panga liacheni kwa minazi: hupasua mti, maji yakaingia, shina likaoza. Kata nusu sentimita juu ya kifundo. Ondoa kabisa matawi makavu, yanayosuguana, na yaliyo membamba kuliko penseli. Majani yaliyobaki yapukutishe.

Kisha chimba mfereji wa duara sentimita 30 kutoka shinani, kina sentimita 10. Weka samadi iliyooza kilo 10, urea gramu 65, TSP (mbolea ya fosfati) gramu 130 na MOP (mbolea ya potashi) gramu 100 kwa kila shina, ufukie. Baada ya miezi sita rudia hizo za dukani kwa kipimo kile kile. Pimeni kwa mizani. Konzi ya mtu na konzi ya mwenzake hazilingani, na urea iliyogusa shina huliunguza.

Sasa linakuja kosa la pili. Mkulima akiona kichaka kimebaki uchi huingiwa na hofu, akamwaga maji kila siku. Mti usio na majani haunywi kiasi hicho, mizizi huoza. Chomeka kidole sentimita 5, ukikuta unyevu, ondoka.

Machipukizi yakitoka wiki ya pili au ya tatu, mambo yako sawa.

Kila mkupuo wa maua ukiisha, hapo sasa ncha zilizochanua zipunguzwe sentimita 10 hadi 15. Matumba yachumwe alfajiri, meupe, yamejaa, yangali yamefumba. Jioni yamekwisha funguka, na mnunuzi hayataki.